Wachuka Anamsomea Ng'ombe

Gatitu, Nyeri
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwalimu, Wachuka amesoma gunia lote! Gunia la chakula cha ng'ombe, kuanzia kule juu penye picha mpaka kule chini wameandika weka mahali pakavu. Hakuna mtu alimtuma. Alisimama mbele ya ng'ombe wetu akamsomea kama pasta, na ng'ombe akaacha kutafuna akamtazama. Mimi nilikuwa nyuma ya boma na ndoo ya maziwa. Niliiweka chini polepole nisimkatize.

Sasa salamu. Habari ya shule, na habari ya watu wa kwenu Meru? Sisi tuko salama. Mimi ni Ngendo, mama ya Wachuka wa Gredi ya Kwanza, yule wa sweta ya kufumwa. Huwezi kumkosa, kwa sababu hiyo sweta niliifuma mimi na hakuna nyingine kama hiyo shuleni. Nasikia mwalimu mkuu amefunga kikundi cha wazazi cha Wasapu kwa ajili ya yale matusi ya mambo ya uji, na ati sasa mzazi akiwa na neno aliandike kwa karatasi na atie sahihi. Wengine wamelia sana. Mimi nimefurahi. Shule niliachia darasa la nane, lakini mwandiko wangu ulikuwa unapelekwa madarasa mengine uonekane, na wewe mwenyewe unauona.

Jambo langu ni moja. Mtoto wa kusoma gunia hafai kuketi na wale wa a, e, i, o, u. Mpandishe. Na kama haiwezekani, basi siku ya kufunga shule asome mbele ya wazazi. Nitaleta watu.

Barua nimempa mwenyewe kwa begi. Nimeifunga na selotepu kwa sababu anajua kusoma, asije akavimba kichwa.

Wako katika malezi,
Ngendo wa Kingori (Mama Wachuka)


Shuleni
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mpendwa Mama Wachuka,

Nashukuru kwa barua yako. Niliisoma, nikairudia, kwa sababu nilidhani huenda imefika kwa mwalimu asiyehusika.

Sijui niseme vipi bila kukuumiza. Tangu nipokee darasa hili mwezi wa Januari sijawahi kusikia sauti ya Wachuka. Si kwamba anaongea kidogo. Haongei kabisa. Nikiita majina asubuhi, anainua mkono. Akitaka kwenda msalani, anasimama mlangoni mpaka nimwone. Kila Jumatatu watoto hutoka mbele, mmoja mmoja, na kutueleza habari za nyumbani. Yeye hutoka, husimama wima, huweka mkono mdomoni na kututazama sisi sote mpaka nimwambie akaketi.

Kuhusu kusoma kwake siwezi kusema lolote, kwa kuwa hajawahi kunisomea. Kwenye ripoti za muhula wa kwanza na wa pili niliandika "ajitahidi kuzungumza." Sasa naona nilipaswa kukuita.

Nisaidie. Nyumbani anaongea? Na nani?

Mwalimu Karambu


Gatitu
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mwalimu, hapo umechanganya watoto.

Huyu wangu anaongea mpaka baba yake, Kingori, anaongeza redio ili asikie habari. Anaongea na ng'ombe, anaongea na kuku, dada yake akirudi kutoka bweni hapati nafasi ya kupumua. Hiyo "ajitahidi kuzungumza" niliisoma, nikafikiri ni Kiingereza unataka aongeze, kama watoto wote wa Kenya.

Jana alipofika tu nilimuuliza, umesoma nini leo? Akasema, sawa. Mwalimu anasema huongei, ni kweli? Akasema, sawa. Leo alikuta niko na wageni wa chama chetu, nikamwita katikati nikamwambia awaeleze wamama vile shule iko. Akanyamaza. Mtoto akiwa amechoka ni hivyo.

Labda ni wewe anakuogopa. Nyinyi watu wa Meru mkiongea mtu anafikiri mnagombania shamba, na mimi nasema hivyo kwa mapenzi.

Mpe kitabu umgeuzie mgongo. Utasikia.

Mama Wachuka


Shuleni
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mama Wachuka,

Kuhusu sauti zetu watu wa Meru, umenichekesha, na Ijumaa nilifundisha siku nzima kwa sauti ya chini. Watoto wa nyuma walilalamika kuwa hawasikii. Wachuka hakulalamika. Nilimpa kitabu, nikamgeuzia mgongo kama ulivyosema. Nilisikia kurasa zikifunuliwa, basi.

Leo nilimtoa mbele tena, nikamwambia tutangoja mpaka aseme hata neno moja. Tulingoja mpaka kengele ikalia.

Jambo limemfikia mwalimu mkuu, Bwana Gathogo. Anataka wapimaji wa watoto waje wamwone kabla shule haijafungwa. Wakiona haongei, wanaweza kumhamishia kituo cha watoto wasioongea, na kituo hicho ni mbali, itabidi alale huko. Kituo si kibaya, nimefundisha watoto wa aina hiyo na nawapenda. Lakini kama kweli anamsomea ng'ombe gunia, huko si mahali pake, na mimi sina la kuwaonyesha wapimaji.

Kwa hiyo inanibidi niulize, na unisamehe. Je, nyumbani kuna ugomvi? Kuna jambo ambalo mtoto ameambiwa asilitoe nje?

Mwalimu Karambu


Gatitu
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mwalimu Karambu,

Nimesoma barua yako nikiwa kwa kibanda changu cha mboga. Mteja amengoja nyanya mpaka akaenda kwa jirani. Siwezi kukaa. Ninaandika nimesimama.

Kingori hajawahi kuinua mkono kwa mtu. Hata jogoo akiingia jikoni anamwomba atoke. Kwetu hakuna jambo la kufichwa, na ungekuja siku moja unywe chai ungeona, badala ya kukaa huko ukipima nyumba ya watu kwa kalamu. Na umemsimamisha mtoto wangu mbele ya wenzake mpaka kengele. Yeye hakuniambia. Umeniambia wewe.

Na ujue unaongea kuhusu nani. Msichana wetu wa kwanza tulimpa jina ya mama ya Kingori, vile inafaa. Huyu wa pili ni wangu, ni wa upande wangu. Amebeba jina ya mama yangu mzazi, marehemu Wachuka. Mimi simwiti mwanangu. Ninamwita maitu, yaani mama, kwa Kikuyu chetu. Simwamshi kwa kelele. Chai ya kwanza ni yake. Yeye ni mama yangu amerudi, mpaka kuketi kwake, mpaka huo mkono unaosema anaweka mdomoni.

Nikueleze mama yangu alikuwa nani. Chifu aliita mkutano wa kugawa maji ya bomba. Watu wakapiga kelele tangu asubuhi, huyu anavuta huku, yule kule. Mama akaketi mbele, leso mdomoni, hakusema neno. Watu wakaanza kumwogopa. Jioni chifu mwenyewe akauliza, na huyu mama aliyenyamaza, bomba lipite wapi? Yeye akaelekeza kidole kwake. Likapita kwake. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nimeketi kwa miguu yake, niliona. Hakuna mgeni ameingia kwangu akatoka bila kusikia hiyo habari, na Wachuka akiisikia anaketi wima kama malkia, kwa sababu anajua ni yeye anasimuliwa.

Kwa hivyo kunyamaza kwa watu wa nje, kwetu ni heshima. Si ugonjwa wa kupimwa.

Shule si yenu peke yake. Ruring'u pia kuna shule.

Ngendo


Shuleni
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Mpendwa Mama Wachuka,

Wachuka amerudi darasani leo, na nimefurahi kumwona. Mama Lavender, mzazi wa mwenzake wa dawati, ameniambia kwamba mlijaribu shule ya Ruring'u. Sitauliza mengine. Nafasi yake ilikuwa wazi. Lavender hakukubali mtu aikalie.

Nilikukosea. Niliuliza juu ya nyumba yako kabla ya kuingia ndani yake. Na nilimkosea mtoto zaidi nilipomsimamisha mbele ya wenzake. Hiyo nimeiacha. Siku hizi habari za Jumatatu tunazieleza tukiwa tumeketi, kila mtoto na jirani yake, na asiyetaka husikiliza.

Nimesoma tena habari za mkutano wa maji. Kuna jambo ninalifikiria, lakini nimeshakosea mara moja, kwa hiyo safari hii nisikie kwanza kutoka kwenu.

Ninakuomba ujaribu kitu. Usimuulize amesoma nini. Swali hilo ni kubwa mno kwa mtoto, ni kama mtu akuulize umeuza nini tangu Januari. Usimuulize mbele ya wageni. Keti naye mkifanya kazi ya mikono, msitazamane, na uanze wewe kumweleza siku yako, hata pale ulipokosea. Uliza kitu kidogo: leo nani amekuchekesha? Kisha ungoje. Najua wewe ni mtu wa maneno, mama, na ninakupenda kwa hilo. Lakini ungoje.

Bwana Gathogo hajabadilisha nia.

Karambu


Gatitu
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Mwalimu, nimejua. Nimejua, na sasa sijui nifanye nini na nilichojua.

Samahani, sijasalimu. Habari yako. Ya Ruring'u ni kweli. Siku ya tatu walipiga simu wakasema yale yale yako, tena kwa sauti ya Kinyeri kabisa, kwa hivyo si Meru iliyomfunga mdomo. Barua yako niliipokea nikaiweka chini ya kopo la majani ya chai. Nilikuwa bado na hasira. Kila nikichukua majani naiona.

Jana nilinunua minji ya maganda, tukaketi nje tukiambua, yeye na mimi, sufuria katikati. Nikaanza mimi. Nikamwambia vile nilimrudishia mteja chenji ya mwingine, wakanifuata wote wawili, kila mmoja akisema mimi nimezeeka. Kwa kawaida hiyo singemwambia mtu. Akacheka mpaka minji ikamtoka mkononi. Nikauliza, na wewe leo nani amekuchekesha? Halafu nikangoja. Haki mwalimu, niliuma ulimi. Niliambua ganda moja mara nyingi, hata likiwa tupu.

Akasema, Lavender. Ati Lavender aliweka penseli kwa nywele akaitafuta darasa zima. Akaendelea. Nimesikia mambo ya hiyo shule ambayo sikuwa najua, hata ya kikombe chako cha chai unachoficha nyuma ya ramani.

Ndipo nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, bila kumwangalia: "Na mwalimu akikuuliza, maitu, mbona hujibu?"

Akaniangalia kama mimi ndio mtoto.

"Si wewe husema cucu hakuwa anaongea na watu wa nje? Mpaka wakamwogopa?"

Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyosema juu ya nyanya yake.

"Na mimi ni yeye."

Akarudi kwa minji. Yeye kwake mambo yalikuwa yameisha. Mwalimu, mtoto hajafungwa mdomo na hofu. Anafanya kazi! Tangu Januari amekuwa akinifanyia kazi ya kuwa mama yangu, na huo mkono mdomoni ni ile leso.

Nilimwambia Kingori. Aliendelea kunoa panga lake, akasema, "Wewe ndiye unamwita mama. Nani amewahi kumwambia mama yake aongee?" Mtu haongei mwezi mzima halafu anakuja kusema hiyo.

Sasa niseme nini? Nikimwambia wewe si cucu, nimemnyang'anya jina, na ni mimi nilimpa. Nikimwambia cucu alikosea kunyamaza, nimetukana mama yangu kaburini. Nimezunguka boma hii mpaka ng'ombe amechoka kunitazama.

Niandikie haraka.

Ngendo


Shuleni
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mpendwa Ngendo,

Usimnyang'anye jina. Na usimtungie hadithi ya uongo, kwa sababu mtoto huyu ana masikio, ataijua.

Lakini mtu hana siku moja tu maishani. Wewe unamsimulia mama yako katika mkutano mmoja. Je, hakuna mahali aliongea na watu wa nje? Sokoni, kanisani, popote? Kama hujui, nani anajua?

Wapimaji wamepangiwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba.

Karambu


Gatitu
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Mwalimu wangu,

Swali lako lilinikalia vibaya, kwa sababu nilitafuta jibu nikakosa. Mimi, wa kumsimulia mama kila siku, sikuwa na siku nyingine ya kusimulia. Kwa hivyo leo nilipoenda Karatina kuchukua kabeji, niliacha mzigo kwa mkokoteni nikaenda upande wa matunda kumtafuta Cucu Tabby. Anauza matunda damu pale tangu nikiwa mdogo, na walikuwa marafiki na mama.

Nikamuuliza kama mama aliwahi kuongea mbele ya watu. Akaniuliza mimi ni mgonjwa. Kumbe walisoma ngumbaru pamoja, yale masomo ya watu wazima kule kanisani, na waliketi benchi moja. Mimi nilikuwa mgongoni. Alisema mama alikuwa anauliza maswali mpaka mwalimu anafunga kitabu. Kwa nini hii herufi iko na tumbo? Nani aliamua? Siku moja yule mwalimu alimpa chaki, akaenda kuketi kwa nafasi yake, akamwambia basi fundisha wewe. Akafundisha! Cucu Tabby anasema hata sasa akiandika jina lake anasikia sauti ya mama ikimwambia asipande juu ya mstari.

Mimi sikujua. Nilipopata akili ngumbaru ilikuwa imeshafungwa, na mama hakukawia kutuacha.

Nikafurahi, nikamwambia, lakini mkutano wa maji alinyamaza, hiyo niliona mwenyewe. Cucu Tabby alicheka akashika meza. Matunda mawili yakaanguka, hakuyaokota.

"Wachuka alikuwa na jino," akasema. "Shavu limevimba kama mkate. Angefungua huo mdomo angelia mbele ya chifu."

Mwalimu, leso ilikuwa ya jino.

Na bomba? Bomba lilikuwa limeshapangwa kupita kwake, kwa sababu ndiyo njia ya mteremko. Yeye alielekeza kidole kusema anataka kwenda nyumbani.

Nimejivunia jino miaka hiyo yote. Nimeketisha wageni, nimewapa chai, nimewasimulia jino. Nilirudi Gatitu kabeji zikiwa nusu, sijui nusu nyingine niliacha wapi.

Kwanza niliamua nitamwambia ya ngumbaru, ya jino ninyamaze. Halafu nikakumbuka vile umesema ana masikio. Jioni akiwa kwa ng'ombe nikamwambia yote mawili, na nikamwambia mimi sikuwa najua, nimeambiwa leo. Nikangoja, sasa nimezoea kidogo.

"Kwa hivyo alikuwa anataka kuongea?"

Nikamwambia alikuwa anataka sana.

"Na jino likatoka?"

Nikamwambia lilitolewa, na Cucu Tabby anasema kutoka siku hiyo hakuna mtu alipumzika.

Alimgeukia ng'ombe akaanza kumsimulia. Ameongeza na yake, ati chifu alilia.

Sasa ni kwako. Jumatatu nitakuwa nimeketi juu ya misumari.

Ngendo


Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu, bado?

N.


Jumatano, 8 Oktoba

Bado. Leo mkono ulitoka mdomoni na kukaa juu ya dawati. Usimuulize.

K.


Shuleni
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Ngendo,

Ameongea. Nakuandikia haraka watoto wakiwa nje, utanisamehe mwandiko.

Asubuhi tulikuwa tunahesabu kwa punje za mahindi. Lavender alilia ghafla: jino la mbele limetoka, damu imeingia kwenye mahindi, na darasa zima likasimama. Wengine wakaanza kulia naye. Nilikuwa natafuta kitambaa. Nikasikia sauti nisiyoijua, nzito kidogo, ikisema, "Usilie. Cucu yangu alikuwa na jino, hakuongea mpaka likatoka. Sasa wewe utaongea sana."

Lavender akauliza, jino la wapi? Wachuka akafungua mdomo wake mwenyewe akamwonyesha la nyuma. Watoto wakasogea. Akawaeleza mkutano, chifu, bomba, mpaka yule mwalimu aliyeketi kwenye nafasi ya mwanafunzi. Mimi niligeukia ubao nikafuta mahali palipokuwa safi, mpaka nilipoweza kuwatazama tena.

Sikumsifu. Niliogopa nikimsifu atakumbuka. Baadaye niliwapa yeye na Lavender kitabu kimoja, nikawaambia Lavender asisome kwa sababu ya jino, Wachuka amsomee. Akasoma. Ukurasa, na mwingine, kidole chini ya maneno, akimngoja mwenzake aone picha. Bwana Gathogo alikuwa akipita akasimama dirishani. Akaniuliza kwa ishara huyo ni nani. Nilipomwambia, alivua miwani, akabaki pale mpaka hadithi ikaisha.

Wapimaji amewapigia simu wasije kesho. Januari Wachuka anaingia Gredi ya Pili na wenzake. Ulikuwa umesema ukweli kuhusu gunia tangu barua ya kwanza, na mimi nilichelewa kukuamini.

Sasa siku ya kufunga. Hakuna mtoto wa Gredi ya Kwanza atakayesimamishwa jukwaani. Nimemwomba Bwana Gathogo, amekubali. Wazazi watakuja darasani, wataketi kwenye viti vidogo, na kila mtoto atawasomea watu wake. Lakini nakuomba, ndugu yangu: usilete umati. Bado ni changa, hiyo sauti. Nakujua.

Wako,
Karambu


Gatitu
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Karambu wangu,

Barua yako nimemsomea Kingori, halafu nikasoma tena kwa wateja, ile sehemu ya Bwana Gathogo kuvua miwani. Usikasirike. Mambo ya wewe kulia ukifuta ubao sikusoma. Kingori alizima redio, akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Moto haukuwa umewashwa.

Niliposoma pale unasema usilete umati, nilikuwa nimeshawaambia. Nimwambie mtu asije namna gani? Ndugu zangu, wamama wote wa chama, mpaka fundi aliyetujengea boma. Nikakosa raha siku nzima. Halafu nikafikiri, mbona ninamwamulia? Tukaketi na maharagwe, maana minji imepanda bei, nikamuuliza siku ya kufunga anataka nani aje. Nikangoja. Hapo sikuuma ulimi hata kidogo.

Alihesabu kwa vidole. Baba. Dada yake, kama bweni litakuwa limefungwa. Cucu Tabby, kwa sababu anataka kuona mtu aliyeketi na cucu benchi moja. Mimi alinitaja mwisho, akasema, "Na wewe, lakini usiwaambie watu mimi ni nani. Nitawaambia."

Basi nimezunguka Gatitu nikiwaambia wengine wasije. Hiyo kazi sijawahi kufanya maishani, na sijui kama niliifanya vizuri. Fundi amenuna. Wale wa chama nimewaahidi chai yao nyumbani siku nyingine, na hakuna atakayemwita mtoto katikati.

Maitu nitaendelea kumwita, hiyo siachi. Chai ya kwanza pia ni yake. Lakini asubuhi sasa namuuliza amelalaje, na ananiambia, na wakati mwingine ananiambia niko na sauti ya juu. Ni mwanangu pia. Nilikuwa nimesahau hiyo upande.

Cucu Tabby atatoka Karatina mapema. Meza yake ya matunda ameshapata mtu wa kuikalia. Kingori ameomba ruhusa kazini na amepiga pasi shati mwenyewe, mapema hivi, sasa inaning'inia hapo ukutani kama mgeni. Wewe weka viti vinne.

Ijumaa, tarehe ishirini na nne Oktoba, saa tatu asubuhi. Tutakuja, na tutaketi pale mtoto atatuambia tuketi.

Ngendo